Kumpeleka Mama wa Wenyewe Mlimani

Mama yangu alizikwa Jumamosi moja ya mwezi wa sita, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Alizikwa kwetu, nje kidogo ya Kitale, saa nane mchana. Saa nane ya kwetu ni saa moja asubuhi ya Maryland, na saa hiyo mimi nilikuwa Gaithersburg, nimepiga magoti kwenye sakafu ya bafu, nikimwosha miguu mama wa wenyewe.

Kaka yangu alikuwa amepiga simu siku nne kabla. Alipiga kwa namba ya ile nyumba ya kazi, maana ndiyo pekee aliyojua ataniwahi mchana. Nilikuwa namlisha yule mama uji wa mchele.

"Dada, mama ametuacha."

"Lini?"

"Jana jioni. Presha ilipanda. Kufika hospitali tukaambiwa tumechelewa."

Nilisikia magari yakipita nyuma yake. Alikuwa amesimama kwenye kibanda cha simu pale posta. Akakohoa, kisha akauliza, "Tukungoje?"

Alijua jibu. Nilikuwa nimeingia Amerika na viza ya matembezi, nikakaa. Makaratasi yangu yalikuwa kwa wakili, na wakili alikuwa ameniambia wazi kwamba nikitoka, nimetoka. Kaka alijua hayo yote, lakini ilibidi aulize, ili nitamke mwenyewe kwa kinywa changu.

"Msiningoje," nikasema.

"Sawa."

Nilipoweka simu chini, yule mama alikuwa bado amefungua mdomo anasubiri kijiko. Nikamlisha mpaka bakuli likaisha. Nakumbuka nilimfuta kidevu, nikaenda kuosha bakuli, na nilipokuwa naliosha ndipo nilipokaa chini jikoni.

Jumamosi ya mazishi ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Niliomba nibaki kazini. Wikendi nilikuwa nakaa Lanham, kwenye nyumba niliyopanga pamoja na dada mmoja Mkongomani kutoka Bukavu, na nilijua watu wa kanisa wangekuja kunipa pole, wangeimba, wangeleta chakula. Sikutaka kuangaliwa.

Sasa nimweleze huyo mama. Alikuwa mtu wa kaskazini mashariki mwa Thailand, karibu na mto Mekong. Wakati wa vita vya Vietnam bintiye aliolewa na mwanajeshi wa Kimarekani, akaja naye huku. Ndoa ikavunjika, yeye akabaki, akapata kazi ya ofisi kule Arlington, na baadaye akamleta mama yake. Mimi nilipoajiriwa, ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshamla mama vya kutosha. Kiingereza kilitangulia kumtoka. Kilichobaki ni lugha ya utotoni mwake. Mimi nilimsemesha Kiswahili, maana kama hatuelewani hata hivyo, afadhali niseme maneno ninayoyapenda. Nilimwita Mama. Na yeye alikuwa na neno lake la kuniita, ambalo bintiye aliniambia maana yake ni mtoto.

Jikoni palikuwa na kalenda kutoka hekalu lao moja la huku Maryland. Mwaka wake ulikuwa umepita zamani, lakini ilikuwa haishushwi kwa sababu ya picha. Ilikuwa picha ya jiwe kubwa la mchanga, jekundu, limetokeza kama paa la nyumba, na chini yake sanamu ya Buddha imevishwa kitambaa cha manjano. Nyuma ya jiwe ni msitu. Kila asubuhi baada ya uji mama aliiangalia picha hiyo, akanyoosha kidole, akasema, "Baan."

Neno hilo nililijua. Ni nyumbani.

"Kesho," nilimjibu. "Kesho tutaenda, Mama."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo mtu anavyomjibu mtoto anayetaka kitu kisichopatikana. Siku zikapita, miezi ikapita, na yeye mwenyewe akalishika neno. Akawa ananyoosha kidole na kuuliza, "Kesho?" Nami namwambia, "Kesho." Hapo anatulia na kuniruhusu nimvalishe.

Bintiye alinieleza habari za picha siku moja jioni, kabla hajavua koti la ofisini. Ule mlima uko nusu siku ya mwendo kutoka kijijini kwao. Ni msitu wa serikali sasa, mbuga ya kutembelewa, lakini kwa watu wa kule ni mahali patakatifu tangu enzi za mababu: kuna unyayo wa Buddha uliochongwa kwenye mwamba, na mapango ambayo watawa walikaa. Mama alikuwa akipanda huko kila mwaka na mama yake, kwa miguu, wamebeba wali wa kunata kwenye vikapu. Na mama wa mama, alipokufa na kuchomwa, mifupa yake iliwekwa kule juu.

"Nilimwahidi nitamrudisha apaone," bintiye akasema. "Mwaka huu, mwaka ujao. Unajua kazi."

Nilijua.

Makaratasi yangu yalitoka mwaka mmoja na miezi minne baada ya mazishi. Nilifungua ile bahasha ndani ya gari, nje ya nyumba ya Lanham, nikaiangalia kadi ya ukaazi yenye picha yangu. Nilitarajia kulia au kupiga vigelegele. Nilihisi kama mtu aliyefika dukani na vitu vimeshaisha. Nikawaza: nitaenda nyumbani Desemba, nikaone kaburi.

Wiki hiyo hiyo, kabla sijamwambia neno, bintiye alikaa nami mezani.

"Daktari anasema tusingoje zaidi," akasema. "Nataka kumpeleka mama Januari. Wiki tatu. Siwezi peke yangu. Hakubali mtu mwingine amguse, unamwona. Twende pamoja, na tukirudi nitakupa ruhusa uende kwenu muda unaotaka."

Nilimwomba siku mbili. Jumamosi nilimweleza dada wa Bukavu, naye alikuwa anakata sombe, majani ya muhogo, jikoni. Hakuinua macho.

"Mama yako amekwisha kufa, dada," akasema kwa Kiswahili chake cha kule. "Ukienda leo, ukienda mwaka kesho, atakungoja tu. Huyu angali muzima. Umupeleke aone kwabo mbele ya kufa."

Wale wa kanisa walisema mengine. Mama mmoja aliyekuwa kiongozi wa maombi alinishika mkono nje ya kanisa na kuniuliza kama nimesoma amri ya kwanza. "Utaenda kubeba mgonjwa, sawa. Lakini usipige magoti mbele ya sanamu. Hata kiatu kikifunguka, ngoja ufike mbali ndipo uiname."

Nilikubali kwenda. Kwa miaka nimejiambia kwamba nilikubali kwa huruma. Ukweli ni kwamba nililiogopa lile kaburi. Nilimwogopa kaka yangu akinipokea uwanja wa ndege. Safari ya Thailand ilinipa sababu ya kutoenda, tena sababu inayosifiwa na watu.

Nilimpigia kaka Jumapili. Nikamweleza polepole, nikisisitiza kwamba ni kazi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo unaweza kupanda ndege sasa," akasema.

"Naweza."

"Ni vile tu haiji huku."

Kadi ya simu ilikuwa na dakika nyingi bado. Hatukuzitumia.

Tuliondoka Dulles Januari, theluji imerundikwa kandokando ya barabara. Sitaeleza sana habari za ndege. Atakayekuwa amembadilisha mtu mzima nepi ndani ya choo cha ndege, huku watu wanagonga mlango, anajua. Mama alilia kutoka juu ya bahari mpaka Tokyo. Bintiye aliwaomba abiria msamaha mpaka sauti ikamkauka. Kutoka Bangkok tulipanda ndege nyingine ndogo, kisha gari la mpwa wa mama, mwalimu wa shule, mwanamke wa makamo, mcheshi, aliyekuja na mto wa kuegemea na machungwa yaliyomenywa.

Kijijini mama alitulia. Alikaa barazani kwa yule mwalimu, wazee wenzake wakaja kumsalimu, wakamwekea mikono mapajani. Hakuwakumbuka, lakini alielewa wanachosema, na hicho kitu nilikuwa sijakiona kwa miaka mitatu: mtu asiye bintiye anamwambia neno, naye anajibu. Nilikaa pembeni. Kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa sielewi. Bintiye alinitazama akitabasamu, akasema, "Subiri tufike mlimani."

Tulikwenda siku ya tatu, asubuhi na mapema kabla ya jua kali. Barabara ilipanda katikati ya mihogo na miwa, ikaingia msituni. Ulikuwa msimu wa kiangazi kule, miti imepukutisha majani makubwa kama sinia, ukiyakanyaga yanavunjika. Udongo mwekundu. Nilishuka garini nikasimama, kwa sababu udongo ule na ile harufu ya majani makavu na moshi wa mashamba yanayochomwa vilikuwa vya kwetu kabisa, Januari ya Kitale kabla ya kulima. Mwili wangu ulidhani umefika nyumbani, na mimi nilijua haujafika. Sijui kama niliwahi kujichukia kama nilivyojichukia dakika ile.

Kiti cha magurudumu kilikwama baada ya hatua hamsini. Wafanyakazi wawili wa mbuga walileta kiti cha plastiki, wakamkalisha mama, wakamnyanyua mmoja huku na mmoja huku. Mimi nilitembea ubavuni nimemshika mkono. Tulipita miamba ya ajabu. Mingine ilisimama kama uyoga, shingo nyembamba na kichwa kizito, upepo na mvua vimekula mchanga wa chini na kuacha wa juu. Mwingine ulikuwa na michoro ya ng'ombe na ya watu kwa rangi nyekundu, ya kale kuliko dini zote, mwalimu alisema. Kuzunguka baadhi ya miamba palisimikwa vibao virefu vya mawe, kimoja kila upande, kuonyesha kwamba ndani ya duara hilo ni patakatifu. Mwalimu alivua viatu. Bintiye akavua. Nami nikavua, nikajiambia kwamba Musa naye alivua.

Tukafika. Nililijua lile jiwe kabla sijaambiwa. Lilikuwa lile lile la kalenda, paa jekundu, na chini yake kivuli, sanamu, kitambaa cha manjano kipya, na maua. Mbele kidogo msitu ulikatika na kulikuwa na ukingo wa jabali, na chini ya jabali nchi nzima mpaka ukungu wa mtoni.

Wale wafanyakazi waliweka kiti chini. Bintiye alipiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono yote miwili, akamwambia maneno. Sikuhitaji mkalimani. Alikuwa anasema, tumefika.

Mama aliangalia jiwe. Aliangalia sanamu. Akaangalia miti, kisha akamwangalia binti yake kama anavyomwangalia mtu wa benki. Akasema kitu kifupi.

Bintiye akarudia maneno yake, kwa sauti ya juu kidogo, akionyesha kwa kidole. Mama akatikisa kichwa. Akaanza kusema haraka, akipiga mkono wa kiti, machozi yanatoka.

"Anasemaje?" nikamuuliza mwalimu.

Mwalimu hakutaka kusema. Alikuwa anajua Kiingereza cha kutosha, alitafuta tu mahali pa kutazama.

"Anasema tumemdanganya," akajibu. "Anasema hapa sipo. Anauliza ni lini tutampeleka mlimani."

Walijaribu kila kitu. Walimpeleka kwenye unyayo wenyewe, wakaushikisha mkono wake kwenye mwamba. Walimwimbia wimbo waliokuwa wakiimba wakipanda. Walimwonyesha kijumba kidogo cha saruji kilichochongoka juu, chenye mifupa ya mama yake, na picha ya mama yake juu ya kigae, mwanamke mwembamba mwenye macho makali. Mama aliitazama ile picha, akageuza uso. Mtawa mzee alitoka pangoni kwake, akaketi mbali kidogo, akamsemesha kwa upole sana. Mama alimwitikia kwa heshima, viganja vimekutanishwa, mpaka mtawa alipomwambia kwamba huu ndio mlima. Hapo akaanza tena kulia, na safari hii kilio kilikuwa cha mtu aliyezungukwa na waongo.

Bintiye alisimama. Akasema kwa Kiingereza, bila kumwambia yeyote, "Nimechelewa miaka miwili." Akaenda zake kwenye ukingo wa jabali. Mwalimu akamfuata mbio, nadhani aliogopa.

Nikabaki na mama. Alinishika kanga niliyojifunga, akanivuta, akanitazama usoni. Mahali pale alinitambua mimi tu. Akauliza, "Kesho?"

Ningemwambia nini? Nilikuwa nimemwambia kesho kwa miaka mitatu, na kesho yenyewe ndiyo hii, tumekaa ndani yake, jiwe liko nyuma ya kichwa chake.

"Kesho, Mama," nikasema.

Akatulia. Akafunga macho.

Kulikuwa na ufagio wa njiti umeegemezwa pale karibu. Nikauchukua, nikaanza kufagia majani kwenye kile kijumba cha saruji cha mama yake. Sijui ni mila yao au si mila yao. Nilifagia kuzunguka, nikatoa majani yaliyoingia kwenye nyufa kwa vidole, nikaipangusa ile picha kwa ncha ya kanga. Kisha nikapiga magoti. Nilikumbuka nilichoonywa, na sikujali. Nilitaka kumwomba Mungu wangu pale pale, kwa ajili ya mama yangu, nikidhani kwamba mahali palipoombewa na watu wengi namna ile huenda pakanisaidia na mimi.

Halikuja neno hata moja. Nilijaribu Baba Yetu, nikafika katikati nikawa nasikia tu majani. Nilijaribu kumwita mama yangu. Nilichokiona ni kaburi la huyu mwingine, safi, limefagiwa na mimi. La mama yangu sikuweza hata kuliwazia, maana sikujua liko upande gani wa shamba. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Niliendelea kupiga magoti kwa sababu kuinuka kulihitaji nguvu.

Mtawa alikuwa ananiangalia. Nilipoinuka, aliweka uzi mweupe wa baraka juu ya jiwe, maana hakuwa anaruhusiwa kumkabidhi mwanamke mkononi, akanionyesha niufunge kwenye kifundo cha mkono. Niliuchukua kwa adabu, nikautia mfukoni. Niliusahau hotelini Bangkok.

Siku zilizobaki mama hakula vizuri. Kila asubuhi aliuliza habari za mlima, na bintiye alitoka nje asisikie. Tulirudi Maryland mapema, wiki mbili tu zikiwa zimetimia. Mwezi wa tatu homa ya mapafu ilimpata. Hospitalini, akiwa na mpira wa hewa puani, alimwita bintiye kwa jina la mtu mwingine na kumsihi ampeleke mlimani kabla ya mvua. Bintiye akanitazama, akasema, "Mwambie. Wewe ndiye anayekuamini."

Nikamwambia kesho. Alikufa alasiri ile.

Bintiye alichukua majivu na mifupa michache na kwenda nayo peke yake. Alinipigia simu aliporudi, akasema vimewekwa pamoja na vya bibi yake, watawa wamesoma, kila kitu kimekwenda sawa. Nilimuuliza anajisikiaje. Alisema, "Ni kama nimepeleka kifurushi." Hatukuzungumza tena baada ya hapo. Nadhani mimi nilimkumbusha siku ile ya mlimani, na yeye alinikumbusha.

Nilikwenda nyumbani Agosti. Kaka alinipokea vizuri mno. Alinibebea mizigo, akanitolea kiti chenye mto, mkewe akachinja kuku. Kwa siku nne hakuna aliyetaja kaburi. Siku ya tano mvua ilipokatika, akavaa gambuti na kusema, "Twende basi."

Lilikuwa nyuma ya ghala la mahindi. Nyasi zilikuwa zimeota, msalaba wa mbao umeinama, herufi za jina zimefutika nusu. Nilisimama. Kaka alisimama nyuma yangu, mikono mfukoni, kama mtu anayemsubiri mteja aangalie shamba.

Nikaanza kumsimulia. Sijui kwa nini. Nilimwambia habari za yule mama, za mlima, za jiwe, jinsi tulivyombeba kwa kiti cha plastiki na alivyokataa kwamba ndipo. Alinisikiliza kwa makini, makini kuliko nilivyotegemea.

"Sasa huyo mama alifika au hakufika?" akauliza.

"Alifika. Ila hakujua kama amefika."

Akafikiri. "Hiyo ni kutofika," akasema.

Nilimwomba jembe, ning'oe nyasi. Akasema niache, udongo umelowa, nitachafua viatu, watoto watakuja kufanya Jumamosi. Nikasema nataka kufanya mimi.

"Wewe ni mgeni, dada," akanijibu, bila hasira yoyote. "Pumzika."

Mvua ikaanza tena, tukarudi ndani. Wiki iliyofuata nilipanda ndege, na Jumatatu nilikuwa kazini, kwa mzee mwingine, mtaa wa tatu kutoka ile nyumba ya zamani.